Kapu la "eti": mwongozo wa kumwandalia mtoto mchezo wa kujivika

Juzi jioni nilipanda daladala sebuleni kwangu. Viti vilikuwa mito ya kochi na ndoo iliyopinduliwa. Dereva alikuwa mtoto wa jirani wa miaka mitano, na konda alikuwa binti yangu wa miaka minne, kavaa shati la baba yake lililomfika chini ya magoti, kimkoba kakining'iniza begani, vipande vya karatasi kavikunja kwa urefu na kuvibana katikati ya vidole vile vile wanavyobana noti makonda wenyewe. "Mama, sogea nyuma, nyuma kweupe kule." Nikasogea. Nikamlipa jani la mwembe. Akaligeuza, akaliangalia juu na chini. "Eti hii ni elfu kumi. Chenji utapata mbele."

Sikiliza watoto wakicheza utalisikia neno hilo kila baada ya dakika: eti mimi ndo mama, eti huyu alikuwa anaumwa, eti hapa ni hospitali. Mtu mzima akisema eti, mara nyingi anatilia shaka jambo. Mtoto akilisema anatangaza kwamba kuanzia sasa mambo yamebadilika, na mwenzake ana hiari ya kukubali au kubisha. Nguo ndiyo muhuri wa tangazo lenyewe. Ukishajifunga kanga kiunoni na kumbeba mwanasesere mgongoni, hakuna wa kukuuliza wewe ni nani.

Nimekuwa mwalimu wa chekechea kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, na nyumbani nina watoto wawili. Ninayoandika hapa ni ya mzazi, mlezi au mwalimu mwenzangu anayetaka kuuandalia mchezo huu nafasi bila kutumia pesa nyingi. Na niseme mapema msimamo wangu: nguo ya kuigizia iliyokamilika sana inamnyima mtoto kazi. Gauni la binti mfalme lenye taji na fimbo, lililotoka dukani na mfuko wake, litabaki gauni la binti mfalme mpaka lichanike. Kanga iliyopauka asubuhi ni mbeleko, saa nne ni kilemba cha bwana harusi, mchana ni nyavu ya kuvulia. Mtoto ndiye anayelazimika kuifanya iwe kitu.

Mtoto anapata nini humo

Wengi wanaanzia kwenye ubunifu. Mimi naanzia kwenye kujizuia, kwa sababu ndilo jambo linalotusumbua sana darasani. Mtoto wa miaka minne asiyeweza kukaa kimya dakika mbili kwenye foleni ya uji, mvike koti la mlinzi umsimamishe mlangoni. Atasimama.

Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alilizungumzia hili katika mhadhara wake wa mwaka 1933. Alikumbusha kisa cha dada wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine saba, walioamua kucheza mchezo wa kuwa madada. Ajabu yake ni kwamba walikuwa madada kweli! Ila katika maisha ya kila siku hawakuwa na haja ya kulifikiria hilo. Walipolifanya mchezo, wakawa wanavaa sawasawa, wanaongea sawasawa, wanashikana mikono, maana sasa walikuwa wanafuata kanuni ya udada. Hoja yake ni kwamba mchezo wa kuigiza, ambao kwa mbali unaonekana hauna sheria, umejaa sheria, na mtoto anazitii kwa hiari yake kuliko anavyotii zetu. Konda hakai kwenye kiti. Mgonjwa haamki kabla daktari hajamaliza.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto 180 wa miaka minne na sita. Walipewa kazi ya kuchosha kwenye kompyuta, dakika kumi nzima, huku pembeni kuna kishikwambi chenye mchezo mtamu wanaoruhusiwa kuukimbilia wakichoka. Kundi moja lilijiuliza, "Je, mimi ninajitahidi?" Jingine kila mtoto alijiuliza swali hilo hilo kwa kujitaja jina lake. Kundi la tatu walichagua mhusika wanayempenda, kama Batman au Dora, wakapewa na kitu cha kuvaa cha mhusika huyo, kisha wakajiuliza kama Batman anajitahidi. Kundi hilo ndilo lililodumu kwenye kazi kuliko mengine. Huku kwetu si lazima awe Batman. Mimi nina mtoto mmoja darasani ambaye haokoti vitu vyake mpaka avae kizibao cha mfagia barabara.

Lugha nayo inakua. Mama lishe ana maneno yake, sheikh ana yake, nesi wa kliniki ana yake, na mtoto anayejivika anajaribu maneno ambayo hangeyatumia akiwa yeye mwenyewe. Nimesikia mtoto asiyezidisha maneno matatu kwa mwalimu akisema, "Karibu mteja, leo kuna wali maharage, wali nyama, ugali samaki, nikuhudumie nini?" bila kupumua. Vidole navyo vinafanya kazi: kufunga vifungo, kupandisha zipu, kukaza fundo, kugeuza shati lililopinduka. Ni misuli hiyo hiyo itakayoshika penseli.

Halafu kuna woga. Mtoto anayeogopa sindano akipewa nafasi ya kuwa daktari anaishika yeye hiyo sindano, anaamua yeye nani achomwe na wapi. Kabla ya kumpeleka hospitali, siku mbili tatu mfululizo mwache amtibu mwanasesere wake. Usimwahidi kwamba haitauma. Mwanasesere naye aumie, alie, apewe pole.

Nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia: si kila linalosemwa kuhusu michezo ya kuigiza limethibitishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipitia tafiti nyingi za miaka mingi wakaona ushahidi kwamba kuigiza ndiko kunakoleta akili au ubunifu bado ni mwepesi kuliko watu wanavyodai. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba mtoto akivaa kofia ya rubani atafaulu hisabati, pita. Mimi yaliyonishawishi ni yale ninayoyaona kila siku, na pia kwamba watoto wanaupenda mchezo huu hadi wanasahau kudai simu.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla hujatafuta nguo

Wiki moja tu. Angalia anaigiza nani bila kuambiwa. Mtoto anaigiza watu anaowaona, na watu anaowaona wa kwako si wa jirani. Anayelelewa dukani na mama yake atapima sukari kwenye mfuko na kukataa kukopesha. Anayekaa karibu na soko la samaki la Feri ataparua magamba ya samaki. Wa Arusha atajifunga shuka lubega. Nilipohamia shule niliyopo sasa nilibeba makoti meupe ya daktari niliyoshonesha kwa pesa yangu, nikayatundika, nikasubiri. Hakuna aliyeyagusa kwa wiki nzima. Shule hii iko jirani na gereji, na watoto wote walikuwa mafundi. Nikaleta maovaroli yaliyokatwa na spana za mbao, pakawa hapatoshi.

Andika majina ya watu watatu au wanne anaowaigiza zaidi. Kapu lako lianzie hapo.

Hatua ya pili: kusanya

Anzia kabatini. Kanga moja au mbili zilizochakaa, kitenge, mtandio wa pamba, kikoi, shati la baba lenye vifungo vikubwa, tai, mkanda wa kitambaa, mkoba wa zamani, fremu ya miwani iliyotolewa vioo, ndala za mtu mzima. Kofia ni dhahabu, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye bado hawezi kuvaa kitu kingine anaweza kujitwika kofia akacheka. Tafuta tatu zisizofanana: ya kiua, pama ya shambani, kofia ya kufuma.

Kisha nenda kwa fundi cherehani wako ukamwombe mabaki ya vitambaa. Mafundi wengi wanayatupa au wanayauza kwa watu wa kujaza mito, na ukimweleza ni ya watoto atakujazia mfuko. Vipande virefu vyembamba ni mikanda, bandeji na futi za kupimia. Vipana ni vilemba na aproni.

Mitumba iwe ya mwisho, na nenda na orodha. Ukiingia Karume, au Gikomba kama uko Nairobi, au Kongowea ukiwa Mombasa, bila orodha, utarudi na magauni sita ya kumeremeta na huna aproni hata moja. Tafuta vizibao visivyo na mikono kwa sababu kizibao kimoja kinawafaa watoto wa vimo tofauti: kikiwa cha njano ni cha mfagia barabara, cha bluu ni cha mlinzi, chenye mifuko mingi ni cha fundi au mpiga picha.

Kitu kimoja usinunue hata kama ni kizuri na ni rahisi: nguo za madoadoa ya kijeshi. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinawakataza raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na kwenye marobota ya mitumba ya watoto zimejaa. Sare halisi ya polisi nayo iache kwa polisi. Mtoto anayetaka kuwa trafiki anatosheka na shati jeupe, mkanda mweusi na mkono ulionyooshwa. Mavazi ya ibada nayo yatake busara: joho la kwaya au kanzu ya Ijumaa ya babu isiingie kapuni bila mwenyewe kuulizwa. Mara nyingi babu akiulizwa anatoa nyingine ya zamani, na anafurahi.

Hatua ya tatu: rekebisha ili mtoto avae mwenyewe

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunakusanya nguo nzuri halafu kila dakika mbili mtoto anakuja, "Nifunge, nifungue, nivalishe." Mchezo unakatika, na wewe unachoka. Kila kitu kilichomo kapuni inabidi mtoto akivae na kukivua peke yake, au kwa msaada wa mtoto mwenzake.

Kanga kwanza. Kanga ya kawaida ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kitu kidogo. Mtoto wa miaka minne ana kimo cha kama mita moja, kwa hiyo kanga nzima itamkanyagisha na kumwangusha. Ikate kwa urefu, katikati, upindishe kingo. Unapata vipande viwili vya watoto wawili, kila kimoja na upana wa sentimita hamsini na kitu: ukikifunga chini ya kwapa kinaishia katikati ya muundi, na urefu unabaki ule ule, kwa hiyo unamzunguka vizuri. Kipande kimoja kitabaki na jina la kanga na kingine hakina. Utashangaa wasiojua kusoma watakavyogombea chenye maandishi. Cha kwangu kimeandikwa maneno ya kumsuta jirani, na kila siku naulizwa yanasemaje. Nasema yanasema "Karibuni wageni".

Shati na koti la mtu mzima kata mikono ifike kwenye viwiko vya mtoto, pindisha. Usifupishe sana sehemu ya chini, maana ukubwa ndio utamu wenyewe, ila isivuke magoti. Ng'oa vifungo vidogo, weka vikubwa vya koti, vitatu vinatosha, na tundu liwe pana. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu acha vifungo kabisa, tumia ule utepe wa kunata kama wa viatu vya watoto. Anayetimiza minne mpe vifungo, anayetimiza mitano mpe zipu na kamba za viatu. Kwenye shule za Montessori kuna fremu za mbao zenye vitambaa vya kufunga na kufungua vya namna hii, na mtoto hukaa nazo mezani akifanya mazoezi. Kapu linafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hapa abiria wanasubiri na konda hana budi kufunga haraka.

Sketi weka lastiki iliyolegea. Aproni ya mama lishe shona isiyopita shingoni, ifungwe kiunoni tu.

Hatua ya nne: ondoa hatari

Shingo. Hakuna kamba, utepe wa kufunga fundo, tai ya kweli au mkufu mgumu unaozunguka shingo. Joho la shujaa lishikiliwe mabegani kwa utepe wa kunata ili likinasa kwenye mlango au bembea lifunguke lenyewe. Tai ya baba ikate, uishonee kwenye kola kwa mbele. Kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo tengeneza kwa mpira mfupi na kifuniko cha chupa cha saizi kubwa, kishikwe mkononi.

Moto. Nyumba nyingi jiko la mkaa liko uani au barazani, pale pale watoto wanapochezea. Nguo pana inayoning'inia, mtoto akiinama, inagusa kaa kabla yeye hajahisi joto. Nailoni na vitambaa vya kumeremeta vinayeyuka na kuganda kwenye ngozi, ndiyo maana napendelea pamba, ingawa pamba nayo inashika moto. Kanuni yetu nyumbani ni moja: nguo za kapu hazipiti mlango wa jikoni, na jiko likiwashwa uani, kapu linafungwa. Wafundishe pia, kama mchezo, kwamba nguo ikishika moto hukimbii: unasimama, unalala chini, unabingirika. Na kama mtu ameungua, weka sehemu hiyo kwenye maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha hospitali. Si dawa ya meno wala yai.

Vitu vidogo. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita humo, ushanga, kifungo kilicholegea, kikuku kidogo, kinaweza kumkaba. Kofia na fimbo za kuwaka taa angalia zinatumia betri gani. Zile betri bapa kama sarafu zikimezwa huanza kuunguza koo ndani ya muda mfupi, saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa. Mimi nyumbani kwangu haziingii.

Ngozi na nywele. Darasani kofia za kubadilishana huhamisha chawa na mapunye. Nikiona dalili kwa mtoto yeyote, kofia zinapumzika wiki mbili, tunabaki na vitambaa vinavyofuliwa kila siku. Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono, kwa sababu wako nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake wakiingia kwenye ngozi ya mtoto utalia naye.

Hatua ya tano: weka mahali, toa muda

Kapu liwe pana na fupi, mtoto aone kilichomo bila kumwaga vyote. Tenga la mgomba, beseni, hata boksi la sabuni linafaa. Ukiweza, gonga misumari ya mbao au kulabu ukutani kwa kimo cha mabega yake, atundike mwenyewe. Kioo kinasaidia sana, lakini kifungwe ukutani imara, na kisiwe na ncha. Vitu kumi vinatosha kwa wakati mmoja. Vingine ficha, badilisha kila baada ya wiki mbili.

Muda ndio mgumu zaidi. Watoto wanatumia robo saa ya kwanza kugombana nani awe nani, na mzazi anaona hawachezi. Wanacheza! Kule kupatana ndiko kwenye kazi kubwa: "Jana ulikuwa mama wewe. Leo mimi. Wewe uwe shangazi, eti umetoka Tanga umeleta embe." Ukiwapa dakika ishirini umewapa ugomvi tu. Toa walau dakika arobaini na tano zisizo na wito wa kuja kula.

Darasani kwenye watoto arobaini haiwezekani wote kwa pamoja. Mimi nina kona moja na vitambulisho vitano vya kuvaa kwa utepe wa kunata kifuani. Vitano vikiisha, kona imejaa. Wengine wako kwenye udongo, vitabu na matofali ya mbao, wanapokezana.

Hatua ya sita: ingia kwa adabu

Huu ni mchezo wao. Ukialikwa, ingia kama mhusika. Ukiwa mgonjwa, uumwe. Usiwe mgonjwa anayemfundisha daktari rangi za Kiingereza. Kosa langu la zamani lilikuwa hilo: "Koti lako rangi gani? Vifungo vingapi?" Daktari akavua koti, akaenda zake.

Maswali mazuri ni yale ambayo mgonjwa, mteja au abiria angeuliza kweli. Nina homa tangu jana, nifanyeje? Nauli ya mwanafunzi ni ngapi? Mchezo ukikwama, leta tatizo: eti tairi limepasuka, eti mvua imeanza kunyesha na bibi harusi hajafika. Kisha toka. "Mimi nashuka hapa" inatosha.

Usimsahihishe. Daktari anayeuza chapati yuko sawa. Simu nayo iache. Mtoto akiona anarekodiwa anaacha kuwa konda anaanza kuwa mtoto anayemwigiza konda ili watu wacheke, na hivyo ni vitu viwili.

Maswali ya majirani, na ya bibi

Lipo ambalo huja haraka: kijana wetu kavaa kanga, kabeba mwanasesere mgongoni, na bibi yake kaingia. Kwangu limetokea. Mama mkwe alinitazama, akamtazama mjukuu, akauliza, "Huyu mnamfanya nini?" Nikamwambia, "Mama, analea. Baba yake alipokuwa mdogo hakumbembeleza mdogo wake?" Akanyamaza kidogo, akasema alimbeba mpaka akaanguka naye kwenye mfereji. Basi tukacheka. Mvulana wa miaka mitatu anayevaa kanga anamwigiza mtu anayempenda, na hapa pwani wanaume wanavaa kikoi na kanzu na hakuna anayeshangaa. Msichana akiwa dereva wa lori, sheikh wa kufungisha ndoa au fundi wa kuchomelea, mwache. Bibi naye asidharauliwe. Mpe kazi: yeye ndiye anayejua kufunga kilemba kisifunguke.

Jingine ni mchezo wa msiba. Watoto wanalaza mwenzao, wanamfunika shuka, wanalia, wanapika wali wa matanga. Wakubwa wengi wanakimbilia kuwagombeza kwa kuogopa mkosi. Watoto waliohudhuria msiba wanajaribu kuelewa walichokiona. Mimi nakaa karibu na kusikiliza, nahakikisha uso wa aliyelala haujafunikwa, basi.

Kuna mchezo unaotaka kuangaliwa zaidi. Mtoto akirudia rudia tendo la kumuumiza mwenzake, au mambo ya mwili yaliyozidi umri wake, au akionyesha hofu ya mtu fulani kila akiigiza, usimpigie kelele na usimhoji kama polisi. Muulize kwa utulivu, "Huyu anafanya nini? Umeona wapi?" Msikilize, usimwekee maneno mdomoni. Tanzania na Kenya kuna simu ya bure ya watoto, namba 116, na Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Umri, kwa haraka

Mwaka mmoja na nusu hadi miwili: kofia, mkoba, ndala za baba, na kioo. Miwili hadi mitatu: anaigiza kitu kimoja kifupi, kupika au kulaza mtoto, na anahitaji vitu vinavyofanana viwili viwili kwa sababu kugawana bado. Mitatu hadi mitano ndiyo miaka yenyewe, kapu lifanye kazi kila siku. Kuanzia mitano au sita wanaanza kutunga hadithi ndefu za siku tatu na wanataka vitu viwe kama vya kweli, basi wape karatasi, mkasi usio na ncha na gundi watengeneze wenyewe tiketi, leseni na kadi ya kliniki. Asiyependa kuvaa usimlazimishe. Wako wanaokerwa na kitambaa kichwani au shingoni, na wanaigiza vizuri tu wakiwa na kijiko mkononi.

Hatua ya mwisho: Jumamosi ya kufua

Nguo za kapu zinanuka upesi kuliko unavyofikiri, hasa aproni ya mama lishe. Jumamosi mimi natoa beseni mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuza, tunafua uani. Watoto wanapokea kila nguo na kuiandikia risiti. Kifungo kilicholegea nakikaza siku hiyo hiyo, kilichochanika kinakuwa kitambaa cha kufutia teksi. Wiki iliyopita binti yangu alijifunga taulo kiunoni akasimama mbele ya kamba ya kuanikia. "Eti mimi ndo dobi. Nguo zako tayari Jumatatu, kuna foleni." Mwache anike, mwache akunje. Pasi shika wewe.